Namba Saba ya Mzee Futi

Mama Pacha aliunyanyua mfuko wa fimbo za gofu, akayumba nusura aanguke chali. Hakulemewa. Mfuko ulikuwa mwepesi. Bega lake lilishajiandaa kwa uzito ule ule lililoubeba kwa miaka ishirini na moja, kila Jumatano na kila Jumamosi, na sasa mfuko ukapanda kama ndoo uliyodhani imejaa kumbe tupu. Akautua tena kwenye saruji ya baraza ya stoo, akafungua kifuniko, akahesabu kwa kidole. Fimbo nane. Jumamosi aliziacha kumi na moja.

Hakuwa na haja ya kuzichomoa ili ajue zipi hazipo. Namba nne, namba tano na namba sita. 

"Umeona?" alisema Mzee Futi, aliyekuwa ameketi nyuma yake akifunga kamba za viatu. "Nilijua utaona kabla sijasema."

Hilo la Mzee Futi lilikuwa jina walilomwita wabeba mifuko wa uwanjani, wenyewe kwa wenyewe. Mbele yake aliitwa Mzee tu, kwa adabu. Alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minane, na ingawa kustaafu alistaafu zamani, jicho lake halikustaafu. Alikuwa akiingia chumbani mwa mtu anasema urefu wa ukuta kabla hajaamkia. Sasa ana miaka sabini na minane, mwembamba, shati limechomekwa vizuri, na amefurahi kama mtu aliyemletea mwenzake zawadi.

"Zimekwenda wapi, mzee?"

"Nimezigawa. Jumamosi nilikutazama ukipanda kile kilima cha shimo la nne. Unauvuta huo mguu. Usiniambie huuvuti, nimekutazama. Nikafika nyumbani nikajiuliza, hizi nne, tano na sita nimezigusa lini mara ya mwisho? Huu mwaka wa sita. Nikitaka mbali nachukua mbao tatu, nikitaka kulenga nachukua saba. Hizo za katikati unanibebea bure, na goti lako ndilo linalolipa. Nimempa mjukuu wa dada yangu, yuko chuo, anajifunza. Kasafiri nazo jana."

"Asante, mzee," alisema Mama Pacha. Sauti ilimtoka ndogo hata mwenyewe hakuitambua.

Kusema haki, katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumpunguzia mzigo bila kuombwa. Mume alimwachia mapacha wa miezi saba akaenda zake kaburini. Bosi wa kwanza alimwongezea sakafu za kufagia. Na siku mtu mmoja anapomtazama akitembea, anamwonea huruma, anampunguzia fimbo tatu, ndizo zile zile tatu ambazo bila hizo hajui leo ataufikisha vipi mchana. Kwa sababu Mzee Futi hakuwa na fimbo alizozitumia kuliko hizo. Ila hakujua.

Kama hujawahi kushika fimbo ya gofu usipate taabu, maana Mama Pacha naye alianza hivyo hivyo. Alikuja pale kuomba kazi ya kufyeka, akakuta wabeba mifuko wamegoma siku hiyo, na mpima ardhi mmoja mwenye haraka akamwita. Badala ya kumtwika mfuko akammwagia fimbo zote kwenye nyasi, akazipanga kutoka ndefu hadi fupi, kama mama anayepanga watoto wapigwe picha.

"Hii yenye kichwa kama kiazi ni dreva," alimwambia siku ile. "Kazi yake ni mbali, haina akili nyingine. Hii wanaiita mbao tatu, ila usinitafutie mti hapo, ni bati tupu. Hiyo ni ya mbali mpira ukiwa chini kwenye nyasi. Sasa hizi za chuma, ndizo zenye akili. Geuza uone chini, zina namba. Namba ndogo, uso umesimama, kipini kirefu, mpira unakwenda mbali. Namba kubwa, uso umelala, kipini kifupi, mpira unapaa juu na kuangukia karibu. Hizi zilizolala kabisa ni weji. Hii nzito chini ni ya kutokea kwenye mchanga. Na hii ya mwisho, fupi, bapa, ni ya kusukumia mpira shimoni, na ndiyo inayoliza wanaume wazima. Umenielewa?"

"Kama miko ya jikoni," alijibu yeye. "Wa kusongea haufai kuchotea."

Mpima ardhi alicheka mpaka akajishika kiuno, na tangu siku ile hakubebewa mfuko na mtu mwingine. Akamfundisha na zaidi: kwamba saba ndiyo fimbo ya kumpimia mtu. Dreva inakubeba ukiwa na nguvu za ng'ombe, ya kusukumia inakubeba ukiwa na bahati, lakini saba inaeleza wewe ni nani. Yeye saba yake ilikuwa inatua mita mia na thelathini, mvua au jua. Alipofika miaka sabini ikashuka mia na kumi na tano, akaikubali, akaandika kwenye kidaftari chake kwa penseli. Hapo ndipo alipopiga mstari. Chini ya hapo hashuki.

Kisha mkewe akafariki.

Alirudi uwanjani baada ya miezi minne, koti limemlegea mabegani. Walipofika shimo la sita, lile la bwawa, akaomba saba kama kawaida. Kutoka pale anaposimama mchezaji hadi ukingo wa pili wa maji ni mita mia na nane, yeye mwenyewe ndiye aliyepapima kwa mitambo yake uwanja ulipojengwa upya. Mpira ukaingia majini. Akapiga mwingine, ukaingia majini. Mzee Futi akakaa kwenye benchi la hapo, akayatazama maji.

"Leo sijalala vizuri, sihesabu," alisema mwishowe. "Lakini nisikilize, Mama Pacha. Siku saba yangu itakaposhindwa kuvuka hapa nikiwa mzima wa afya, natundika mfuko. Sitaki kuwa mmoja wa wale wazee wanaosindikizwa."

Usiku huo binti wa mzee, mwalimu wa sekondari katika mji mwingine, akampigia simu Mama Pacha. Hakuuliza habari za mchezo. Alisema, "Mama, nakuomba usimwache. Siku za gofu ndizo siku anazooga bila kukumbushwa."

Basi Jumatano iliyofuata, mzee alipoomba saba penye bwawa, Mama Pacha akampa sita. Aliifunika namba kwa kiganja, akajifanya anaifuta kwa kitambaa chenye maji, akamkabidhi kipini. Mpira ukavuka. Mzee Futi akageuka akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akacheka. Ungekuwa wewe, ungemwambia?

Mwaka wa pili sita ikawa haivuki tena, akampa tano. Mwaka jana tano nayo ikachoka, akampa nne. Macho ya mzee yalikuwa yanaona vizuri mbali, bendera na ndege waliotua juu yake, ila karibu bila miwani haoni kitu, na miwani alikuwa akiiacha kwenye mfuko kwa sababu inamteleza akiinama. Bado kulikuwa na urefu wa kipini, na mikono yake ingeutambua. Hilo alilimaliza fundi wa stoo, mtu mwenye mdomo mzito na msumeno mwepesi. Alizikata nne, tano na sita zikawa na urefu wa saba, nane na tisa, akazivalisha mipira mipya ya kushikia, wala hakuuliza sababu. Aliijua. Uwanja mzima uliijua.

Kazi ya kubeba mfuko ni kazi ya bega. Hii nyingine ilikuwa ya kichwa, nayo ndiyo iliyomchosha. Akisema saba toa nne. Akisema nane toa tano. Akisema tisa toa sita. Funika namba, futa, kabidhi, pokea, futa tena, rudisha kichwa cha fimbo kikiwa kimegeukia ndani. Miaka sita bila kukosea hata mara moja. Zipo siku alirudi nyumbani akaketi kitandani na viatu vyake miguuni, hajui amechoka kwa kutembea au kwa kudanganya.

Na alikuwa na hofu yake mwenyewe, tusimfanye malaika. Ana miaka hamsini na minne na goti bovu. Wabeba mifuko huchaguliwa asubuhi getini, na wachezaji huchagua wenye miguu. Siku Mzee Futi atakapotundika mfuko, Mama Pacha naye ametundikwa. Mapacha wamekua, kila mmoja na maisha yake, na nyumbani kuna redio na ukuta. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kwamba yeye akitazama nyasi anaweza kusema mpira utageukia wapi.

Walianza kucheza saa tatu, jua likiwa bado pole. Mashimo mawili ya kwanza yakapita kwa dreva na weji. La tatu mzee akaomba tisa. Sita haipo, akampa saba. Mpira ukafika, ingawa kwa shida, na moyo wake ukatulia. La nne akaomba nane. Hapo hakuwa na la kufanya ila kumpa saba tena. Mpira ukatua hatua kumi kabla ya bendera.

"Mfupi huo," alisema mzee akikunja uso.

"Nyasi zina umande, mzee."

"Umande unazuia mpira ulioko hewani?"

Mama Pacha akajitia kukohoa. La tano ni refu, likapita kwa mbao tatu, na wakati wote huo alikuwa akitembea huku akilitazama shimo la sita likija, kama mtu anayemwona mgeni asiyemtaka akifungua geti. Akatafuta njia. Njia ikawa ile iliyokuwa karibu zaidi naye.

"Mzee, goti limekataa leo. Turudi."

Mzee Futi akasimama, akamtazama mguu kwa wasiwasi wa kweli. "Linauma sana?"

"Linauma." Hapo hakudanganya.

"Basi tumalize hili la bwawa tu, ndilo lililo kwenye njia ya kurudi. Mpira mmoja, tunavuka, tunakwenda nyumbani. Lete mfuko niushike mimi."

"La, mzee. Hapana." Akaung'ang'ania mfuko kama kuna mtu anayemnyang'anya.

Bwawa lilikuwa limetulia, kijani pembeni na jeusi katikati. Ng'ambo kulikuwa na bendera nyekundu imelala kwenye mlingoti wake. Mzee Futi akachomeka kijiti ardhini, akaweka mpira juu yake, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama daktari anavyonyoosha mkono kwa muuguzi.

"Saba."

"Mzee, leo chukua mbao tatu. Kuna upepo wa usoni."

Mkono ukabaki umenyooka. Kisha ukashuka. Akageuka taratibu, akaitazama bendera, akautazama mti ulio nyuma yake, akamtazama yeye.

"Upepo gani?"

Hakuna jani lililokuwa likitikisika. Mama Pacha alifungua mdomo, akautafuta uongo mmoja, mdogo tu, kati ya maelfu aliyokuwa nayo, hakuupata. Ghala lilikuwa tupu. Akachomoa saba. Safari hii hakuifunika wala hakuifuta. Akamkabidhi.

Mzee alipiga vizuri. Hilo lazima lisemwe. Mgongo ulizunguka, kichwa kilitulia, mlio ulikuwa safi. Mpira ukapaa mweupe, ukapanda, ukapanda tena, kisha ukaanza kushuka kabla ya wakati wake na kutumbukia majini, kukiwa bado kumebaki maji mengi mbele yake.

Viduara vikatanuka juu ya maji, vikaisha.

"Nimepiga vizuri," alisema Mzee Futi. Halikuwa swali.

"Umepiga vizuri sana, mzee."

Akatoa mpira mwingine mfukoni mwa suruali, akaupanga, akapiga. Mlio ule ule. Maji yale yale. Akabaki ameshika fimbo mbele yake kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kisha akaja hadi kwenye mfuko, akafungua zipu ya pembeni, akatoa miwani, akaivaa. Akaigeuza fimbo, akaisoma namba.

"Ni saba kweli," alisema.

"Ndiyo, mzee. Leo ni saba."

Lile neno la leo lilikuwa limeshamtoka alipolisikia. Mzee Futi naye alilisikia. Alivua miwani, akaivaa tena, akamtazama kwa macho ambayo vioo viliyafanya makubwa.

"Leo?"

Mama Pacha akautua mfuko chini. Kisha akamwambia. Hakupamba. Alianza na ile Jumatano ya namba sita, akaja kwenye tano, akaja kwenye nne, akamweleza kiganja na kitambaa, akamweleza msumeno. Alikuwa akisema huku akitazama viatu vya mzee, vilivyofungwa kamba kwa mafundo mawili, na alipomaliza alishangaa kwamba ilichukua muda mfupi hivyo. Miaka sita, na haikufika hata dakika tano.

"Nani mwingine anajua?"

Angeweza kusema hakuna. "Wote, mzee."

"Wachezaji wenzangu?"

"Wote."

Mzee Futi aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Miaka thelathini na minane nilipima mipaka ya watu," alisema. "Kuna nyumba zimesimama pale zilipo kwa sababu nilisema hapa. Unajua mpimaji akikutwa anatumia kamba iliyokatwa anafanywaje?"

"Anafukuzwa."

"Anafukuzwa. Na hapati kazi popote. Sasa nieleze mimi nimefanywa nini. Nimetembea hapa miaka sita na kamba iliyokatwa, najisifu, naandika kwenye daftari, na watu wanageuka pembeni wanacheka."

"Hawakucheka, mzee."

"Ulinionea huruma."

"Nilikuonea huruma," alisema Mama Pacha. "Na nilijionea mwenyewe. Ungeacha kuja ungekwenda kukaa wapi? Na mimi ningekwenda wapi? Nifukuze, mzee, una haki. Lakini nimechoka. Sijachoka na mfuko. Nimechoka kukuhesabia kila mpira mara mbili, mara moja ya kwako na mara moja ya kweli. Leo asubuhi nilipoona hazipo niliogopa nikadhani nitaanguka, na saa hii nilipokupa saba nimejisikia kama nimevua kiatu kinachobana. Hivyo ndivyo nilivyochoka."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja, si kwake wala kwa mtu mwingine. Goti liliuma. Kulikuwa na lile benchi, na mbeba mfuko hakai kwenye benchi la wachezaji, kila mtu anajua. Mama Pacha akaenda akakaa.

Mzee hakukaa. Alikuwa na hasira na hakuificha. Aliitazama ile saba, akalitazama bwawa, na Mama Pacha akaona ndiyo hiyo, sasa ataichomeka mfukoni, atafunga kifuniko, na atasema neno lile alilolisema miaka sita iliyopita, maana si mtu wa kurudi nyuma kwa neno lake. Akajikuta anamtazama vizuri ili amkumbuke.

"Inaangukia wapi?" aliuliza mzee.

"Nini?"

"Saba. Hii ya kweli. Inatua mita ngapi?"

"Kama tisini."

"Kama. Hilo ni neno la wauza viwanja." Akashuka pale alipokuwa, akaenda kwenye nyasi zinazoambaa na ukingo wa bwawa, mahali pasipo na maji wala bendera wala shimo, akadondosha mpira. "Majini siwezi kupima. Kaa hapo hapo. Tazama unapotua, usitazame unapokwenda."

Akapiga. Mpira ukapaa sambamba na maji, ukatua kwenye nyasi fupi ukaruka kidogo. Mama Pacha akanyoosha mkono kuonyesha alama, bila kuushusha, kama alivyofundishwa. Mzee Futi akaanza kutembea. Hizo hatua zake wabeba mifuko walizoea kuziigiza nyuma ya stoo, hatua za mtu anayejua kila moja ni mita, mgongo wima, midomo ikihesabu. Hakuna haraka ndani yake. Alipungua, akawa mdogo, akasimama pale mkono ulipoelekeza, akainama akabonyeza nyasi kwa kidole. Kisha akarudi akihesabu tena upya, maana kipimo cha mara moja kwake si kipimo.

Alipofika kwenye benchi alikuwa akihema. Akakaa, upande wa pili wa mfuko, akatoa kidaftari na kipenseli. Akafungua ukurasa wa fimbo namba saba, wenye tarakimu zilizopangwa chini kwa chini kwa mwandiko mdogo. Akazikata zote kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika.

"Tisini na sita," alisema. "Wewe umesema tisini. Umenipunja sita."

Mama Pacha hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili kidogo kidogo, akajifuta kwa kile kitambaa cha kufutia fimbo.

"Mzee, ulisema siku saba ikishindwa kuvuka—"

"Nakumbuka nilichosema, sijafa." Akakifunga kidaftari. "Ilishindwa miaka sita iliyopita na mimi nikaendelea kuja. Siwezi kuacha leo kwa kosa la mwaka ule. Na wale wazee wanaosindikizwa, inaonekana nimo, nimekuwamo muda wote." Akalitazama bwawa bila kulipenda. "Hapa watu wasioweza kuvuka hufanyaje?"

"Wanapiga nane kuelekea kushoto, pale penye nyasi fupi. Halafu weji ndogo. Wanazunguka."

"Mapigo mawili."

"Mawili. Matatu ukiharibu."

Mzee akakirudisha kidaftari mfukoni. Bado alikuwa na hasira, na angebaki nayo siku kadhaa. Fundi wa stoo alikuwa na maneno yake yanamsubiri. Lakini alikuwa ameanza kutazama kushoto, na Mama Pacha aliyajua yale macho. Yalikuwa yakipima.

"Jumamosi," alisema Mzee Futi, "tutapima nane na tisa. Jumatano weji zote mbili, kama mguu wako utakubali. Sitaki kuzunguka bwawa kwa kubahatisha. Uje na kigoda chako cha nyumbani, maana hutabeba kitu siku hizo. Utakaa kule zinakoangukia, unionyeshe."

"Na nikiona vibaya?"

"Utaniambia umeona vibaya."

Mama Pacha akainuka, goti likalia, akautia mfuko begani. Fimbo nane. Ulikuwa mwepesi kweli, na bado akahisi uchovu wote wa miaka ishirini na moja umekaa pale pale pake. Mzee akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka.

"Nane," alisema.

Akachomoa nane, akaigeuza namba ikawa juu, akampa.